Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

Kaka yangu alijua ana virusi vya homa ya ini kwa sababu ya soda.

Watu wa kuchangisha damu walikuwa wamepiga hema pale Keroka siku ya soko, na kila aliyejitolea alipewa soda baridi na pakiti ya biskuti. Kaka yangu ni fundi wa pikipiki. Jua lilikuwa linawaka, na kwa soda ya bure yule angetoa hata figo. Akatoa damu, akanywa soda, akarudi kwenye pikipiki zake akijigamba kwamba ameokoa maisha ya mtu. Baada ya majuma kadhaa akapigiwa simu aende hospitali. Akavaa shati la kanisani, maana alidhani wanataka kumshukuru.

Nilikwenda naye kwa sababu mimi ndiye dada mkubwa, na kibanda changu cha ushonaji pale Masimba hakikuwa na mteja siku hiyo. Muuguzi alituketisha akatueleza polepole. Ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Ini lake bado ni zima, kwa hiyo hahitaji dawa kwa sasa, ila awe anarudi kupimwa kila baada ya miezi michache. Asiguse pombe. Asinywe mitishamba ovyo. Asile mahindi yaliyoota ukungu. Mkewe apimwe na achanjwe. Watoto walikuwa wameshachanjwa wakiwa wachanga. Na sisi wengine wa nyumbani tuje tupimwe, kwa kuwa wengi huishi na virusi hivi miaka na mikaka bila kujua.

“Ugonjwa huu uko kwenye damu,” alisema. “Msitumie wembe mmoja, wala mswaki, wala sindano, wala kikata kucha. Lakini vikombe, sahani, kusalimiana, kukumbatiana, hayo hayana neno kabisa.”

Kaka yangu alirudi nyumbani akayasema yote hayo kama yalivyo, hakuongeza wala kupunguza. Hapo ndipo alipokosea. Angenyamaza kuhusu vikombe, tungeishi kwa amani.

Kikao kilifanyika Sabato alasiri, sebuleni kwa baba. Tulikuwa baba, mama, kaka na mkewe, mimi, na shangazi. Shangazi ni dada yake baba. Aliachana na mumewe kabla mimi sijazaliwa, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo kazi yake ni kuongoza boma ambalo halijawahi kumpigia kura. Tukiwa peke yetu husema Kikisii. Akitaka wifi yangu asikie, husema Kiswahili, kwa sababu wifi yangu ni mtu wa kule ziwani, huuza samaki Keroka, na Kikisii chake ni cha kuagana tu. Siku hiyo shangazi alisema Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho.

“Kama kikombe haina shida,” aliuliza, “mbona daktari alitaja kikombe?”

“Alisema haina shida, shangazi,” kaka akajibu.

“Ndio nauliza. Kitu haina shida, nani huitaja? Mimi nikikuja kwako nikwambie, leo sijaiba kuku yako, si utaenda kuhesabu kuku?”

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilijaribu kueleza habari ya damu na nyembe, damu ikinichemka mimi mwenyewe, lakini nilipofika kwenye wembe shangazi alikuwa ameshapita, yuko kwenye vijiko.

Kesho yake alikwenda Masimba kununua rangi ya kucha. Hapa lazima nieleze. Sisi ni Wasabato. Mama yangu ni shemasi. Hajawahi kuvaa hereni, wala mkufu, hata pete ya ndoa hana. Chupa ya rangi ya kucha haikuwahi kuvuka mlango wetu. Lakini akina mama wote wa kwetu wanaijua kwa kazi moja: ukiazimisha sufuria kwenye matanga au harusi, unaipaka alama chini ili irudi kwako. Shangazi alinunua nyekundu. Kwa kuwa duka liko mkabala na kibanda changu, nilimsikia akimwambia muuzaji kwa sauti ya kusikika soko zima:

“Si ya kucha! Ni ya vikombe!”

Akarudi akapaka kikombe cha kaka, sahani yake, kijiko chake. Ile chupa ilikuwa bado imejaa, na mkono ulikuwa umeshazoea. Akapaka stuli ambayo kaka alizoea kukalia. Akapaka jembe. Akapaka kikapu chake cha kuchumia chai, kana kwamba majani yangepelekwa kiwandani na homa ya ini. Mwishowe akapaka mgomba mmoja nyuma ya choo, ili kaka awe na ndizi zake peke yake, na kwa bahati mbaya ya shangazi ndio uliotoa mkungu mkubwa kuliko yote mwaka huo.

Hilo ndilo hakulitazamia. Kwa kutengwa, kaka yangu akawa tajiri. Sisi tuligombania vijiko, yeye alikuwa na chake. Jembe lake halikuazimwa likarudi limevunjika mpini. Alinunuliwa chupa yake ya chai, na chai yake ikawa moto wakati yetu imepoa. Binamu mmoja alikuja kuniuliza kwa siri kama inawezekana mtu kupata huo ugonjwa kidogo tu, wa stuli.

Nilikuwa naona kaka akicheka nasi. Lakini nilikuwa naona pia kwamba watoto wa boma walipomkimbilia jioni akirudi kazini, kuna mlango uliofunguliwa na jina la mtoto likaitwa kwa ukali. Aliacha kuja moja kwa moja uani. Alianza kupitia nyuma, karibu na mgomba wake.

Na habari zikatoka nje. Kwetu ini ni ugonjwa wa walevi. Hakuna mtu anayelijua kwa jambo lingine. Kaka yangu hajawahi kuonja pombe, hata busaa ya harusi. Haidhuru. Wazee wa kanisa walikuja wakamwombea aache chang'aa. Aliwaambia hanywi. Wakatazamana kwa huzuni, wakasema kukana ndiyo dalili ya kwanza, wakapiga magoti tena. Mwezi uliofuata walimwita mbele ya kanisa atoe ushuhuda wa jinsi alivyoshinda. Alikuwa amechoka. Akasimama akasema, “Tangu mniombee, sijaionja.” Kanisa likalipuka kwa amina. Wifi yangu alifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka, na watu wakadhani analia kwa furaha.

Kisha kukawa na maini. Kila aliyekuja kumjulia hali alileta maini ya ng'ombe, mengine yakiwa bado yanatoa mvuke, kwa imani kwamba ini hujazwa kwa ini. Shangazi naye, kwa upande wake, alichemsha magome ya mti asioutaja, machungu kiasi kwamba kuku waliomwagikiwa walihama upande ule wa boma. Kaka hakunywa hata tone. Hilo ndilo agizo la muuguzi lililomfurahisha kuliko yote.

Aliyekataa mambo haya waziwazi alikuwa baba. Kila asubuhi mzee aliamka, akaenda kabatini, akavipita vikombe vyote, akachukua kile chenye rangi nyekundu. Akakijaza chai ya mama, akakaa nacho mlangoni mahali ambapo shangazi angepita akienda kufungua ng'ombe.

“Ndugu yangu, hiyo si yako!” shangazi alipiga kelele kila siku, kama jogoo.

“Nimekula mikononi mwa huyu mama tangu nimwoe,” baba alimjibu akimwonyesha mama kwa kidevu. “Kikombe kitanifanya nini?”

Tulicheka wote. Mama hakucheka. Mama alikumbuka kwamba mbuzi hajafungwa, akatoka.

Tulikuwa tumeshapimwa wakati huo. Nilikwenda nao Kisii, baba na mama, na wakaingia pamoja, mimi nikabaki kwenye benchi na matokeo yangu. Mimi sikuwa na virusi. Nilichomwa chanjo ya kwanza siku hiyohiyo na kupewa tarehe ya kurudi. Walikaa ndani muda mrefu. Mama alipotoka alikuwa anakaza kitambaa chake kichwani. “Tuko sawa,” alisema. Baba akasema ana njaa. Basi tukaenda kula. Shangazi yeye alikataa kwenda. Alisema hana ini la kupimwa.

Kitu kimoja tu kilibadilika kwa mama, na sikukitilia maanani. Mama alikuwa na pini yake ya siku zote, imefungwa kwenye pindo la nguo, na kwa pini hiyo alitutoa miiba na funza sisi sote, na watoto wetu, na watoto wa jirani. Ghafla akawa mchoyo wa pini. Mtoto akija na mwiba, anaambiwa aende kwao akatafute sindano mpya. Wembe wake wa kukatia kucha akauficha. Tulimtania kwamba uzee umeanza na ubahili.

Halafu baba akafa.

Alianguka shambani, kwenye migomba, mkono bado umeshika panga. Alikuwa na presha tangu mimi niko shule ya msingi, na mara nyingi aliacha dawa zake siku alizojisikia vizuri. Hospitali walisema ni mshipa uliopasuka kichwani. Niliuma kitambaa changu ili nisipige yowe, nikapiga hata hivyo. Bado nikipita pale huona kama atatoka kwenye majani akiuliza chai iko wapi.

Kabla hata jeneza halijanunuliwa, neno lilikuwa limeshazunguka boma. Shangazi hakulisema mbele yetu. Alichofanya ni kukitoa kile kikombe kabatini na kukiweka peke yake juu ya meza, sebuleni, palipokuwa na waombolezaji. Kila aliyeingia alikiona. Kila aliyekiona aliuliza. Ilipofika jioni ilikuwa wazi kwa ukoo mzima kwamba mzee ameuawa na kikombe cha mwanawe.

Kaka alikaa nje kwenye stuli yake. Watu walimpita wakienda kumpa mama pole, wakamtikisia yeye kichwa tu, kwa mbali. Mtu amefiwa na baba, na mikono ya watu iko mfukoni! Nilienda nikakichukua kile kikombe, nikakijaza chai, nikainywa katikati ya sebule mpaka mwisho, nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeshawishika. Nadhani walianza kunihesabia siku.

Mazishi yalikuwa Alhamisi, na hapo Mungu mwenyewe aliamua kutucheka.

Boma halina sahani za kulisha watu wote hao, kwa hiyo tulikodi vyombo vya chama cha akina mama cha Keumbu. Vikaja kwenye magunia, safi, vimefungwa vizuri. Wapishi walipoanza kupakua, binamu yangu aligeuza sahani yake. Chini yake kulikuwa na tone la rangi ya kucha, jekundu. Akageuza ya jirani. Jekundu. Chama kizima kilikuwa kimeweka alama zake kwa rangi ileile, labda kutoka duka lilelile.

Sijawahi kuona wali na nyama vikiogopwa namna ile. Ukoo wetu ulisimama na sahani mikononi, umezishika kwa ncha za vidole. “Ni za kwake,” mtu alinong'ona. “Zote?” “Ziko wapi zingine?” Mjomba mmoja aliomba apakuliwe kwenye jani la mgomba. Wengine wakaona ni busara, wakakimbilia migomba, na kwa haraka zao wakaukata ule wa nyuma ya choo, wenye alama. Wakala kwenye majani yake kwa raha.

Wakwe zetu kutoka ziwani hawakujua lolote. Walikula kwenye sahani, wakaongeza, wakasifu nyama, wakauliza kwa heshima kama kula kwenye majani ni sehemu ya msiba wa Kikisii ambayo hawakuifahamu. Wifi yangu aliwajibu ndiyo. Alisema ni mila ya zamani sana.

Ijumaa asubuhi ndiyo ilikuwa ya kunyoa.

Nyumba nyingi siku hizi zimeacha, au hukata unywele mmoja kwa mkasi yakaisha. Kwetu shangazi hakuruhusu. Baada ya mazishi, mjane, watoto na ndugu wa marehemu hunyolewa kichwa chote, kwa maji na sabuni na wembe, na anayenyoa ni shangazi. Wembe ni mmoja. Hilo ndilo jambo lenyewe. Ukileta wako, umejitenga. Umesema una damu yako na sisi tuna yetu. Ukikataa kunyolewa, ni vibaya zaidi. Maana yake unajua kilichomuua marehemu.

Mwaka mzima watu hawa walikuwa wameogopa kijiko cha kaka yangu. Waliogopa stuli, jembe, sahani za chama cha watu wengine. Sasa walikuwa wamekaa kwenye mkeka, vichwa wazi, wakingoja wembe mmoja upite kwa wote, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nilitamani kucheka na nilitamani kumpiga mtu.

Kaka alikuwa amejiandaa. Alitoa mfukoni pakiti ya nyembe mpya, kila moja kwenye karatasi yake, akaiweka mbele ya shangazi.

“Kila mtu na yake, shangazi. Tafadhali.”

“Wembe ni moja,” shangazi alisema. Alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa wifi yangu alikuwa hapo na wazazi wake. “Baba yenu alikuwa ngapi? Alikuwa moja.”

“Basi mimi sinyolewi.”

Mkeka mzima ukaguna. Mjomba yule wa jani la mgomba akasema polepole kwamba mwana asiyenyolewa kwa ajili ya babake amejieleza mwenyewe.  Kaka aliniangalia, na macho yake yalikuwa mekundu, na nikaelewa kwamba yuko tayari kuitwa muuaji ili asiguse damu ya watu waliokuwa wakimwita hivyo. Moyo uliniuma kwa ajili yake kuliko ulivyoniuma kaburini.

Shangazi si mtu mbaya. Alimtazama mtoto wa kaka yake, akafikiri, na akapata njia. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote alizowahi kupata.

“Sikizeni,” alisema. “Wembe itabaki moja. Lakini huyu atanyolewa mwisho kabisa. Baada yake, tunatupa choo. Sasa nani atashikwa na kitu?”

Watu wakapumua. Hata kaka alipumua. Niliona mabega yake yakishuka. Nilisema kwamba hatujui nani mwingine anayo, kwamba wengi wao hawajapimwa, kwamba muuguzi alisema watu huishi nayo bila kujua. Nilisema kwa Kikisii na kwa Kiswahili. Waliniambia nikae, niache kuwasumbua na mambo ya hospitali, tuanze jua halijapanda, Sabato inaingia jioni.

Wa kwanza ni mjane. Mama alikuwa amekaa mbele, kitambaa kimetolewa, nywele zake nyeupe zimelowa. Shangazi akaufungua wembe kwenye karatasi, akamshika mama kichwa, akaupeleka kwenye paji la uso.

Mama akamkamata kifundo cha mkono.

“Ukininyoa na huu,” alisema, “usimguse mwingine nao.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ninayo.”

Shangazi hakuelewa. Akauliza ana nini. Mama hakumwangalia. Alikuwa amemgeukia kaka yangu, na alisema Kikisii, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo kanisani. Alisema kwamba alipimwa siku ile na kukutwa nayo. Muuguzi alimweleza kwamba mara nyingi mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, na siku hizo hakukuwa na chanjo kwa watoto. Alisema baba alijua, walikubaliana wangoje wakati mzuri wa kusema, na huo wakati mzuri haukuonekana, maana kila alipotaka kusema shangazi alikuwa anapaka kitu rangi.

“Ni mimi niliyekupa,” alimwambia kaka. “Sikujua. Nilikupa siku niliyokuzaa.”

 Nilimkasirikia mama kwa kipindi cha pumzi moja, kwa mwaka wote ule wa stuli na vijiko. Kisha nikakumbuka pini, na mbuzi aliyekumbukwa ghafla, na kidevu cha baba kikimwonyesha kila asubuhi, na hasira yote ikaniisha.

Kaka alijipangusa uso kwa kiganja.

“Hata hii pua ulinipa, mama,” alisema. “Na unaiona ilivyo. Nimewahi kulalamika?”

Mama akatoa sauti ambayo sijui kama ilikuwa kilio. Halafu akawageukia wengine, wale waliokula kwenye majani.

“Tangu nije hapa mmekula kwa nani? Ugali mnaokula, nani anasonga? Mboga za chinsaga, nani anachambua? Nimewapikia nyote hapa, na wazazi wenu waliokufa kwa uzee wao. Nani ameshikwa na kitu kwa sahani yangu? Aseme.”

 Mjomba alikuwa anatazama miguu yake. Kisha mkono mmoja ukatoka ukachukua wembe kwenye pakiti ya kaka, na mwingine, na ghafla watu walikuwa wanainyang'anyana pakiti kama tiketi za mpira, wazee wazima, mmoja akilalamika kwamba karatasi ya wake imefunguka kidogo.

Shangazi alikuwa bado amesimama na wembe wake.  Alimnyoa mama kwa wembe ule, taratibu sana, bila kumkata popote, akautupa chooni mwenyewe. Akatunyoa sisi sote, kila mmoja na wake. Kaka alikuja mwisho, kwa kuwa alitaka mwenyewe, akainama, na shangazi akamnyoa pia. Nilimsikia akimwambia sikioni atulie, asijitikise, yeye ni mzee, haoni vizuri.

Tulipomaliza, mama aliomba ile chupa.

“Ipi?” shangazi akauliza, ingawa alijua.

“Rangi.”

Ikaletwa. Ilikuwa imebaki kidogo chini. Mama yangu, shemasi, mjane aliyezika jana, kichwa kikimetameta kwenye jua, aliketi kwenye mkeka akaifungua, akainusa, akakunja uso. Hakujua kuitumia. Alichovya kile kiburashi akajipaka ukucha wa kidole gumba, vibaya, mpaka kwenye nyama, akakinyanyua tuone.

“Haya,” alisema. “Alama yangu. Nikisahaulika mahali, mnirudishe.”

Tulicheka. Mungu anisamehe, kaburi la baba lilikuwa bado udongo mbichi na tulicheka mpaka wakwe wakaacha chai yao wakaja kutazama.

Rangi ile haitoki kwa sabuni, na hakuna nyumba ya Wasabato yenye dawa ya kuitoa. Kesho yake mama alikwenda kanisani nayo. Alikaa kwenye benchi lake la mashemasi, kitambaa cheusi kichwani, akafungua kitabu cha nyimbo, na kile kidole gumba kikakaa juu ya ukurasa, chekundu, kinaonekana mpaka madhabahuni. Niliona vichwa vikigeuka. Niliona mzee wa kanisa, yuleyule aliyemwombea kaka yangu aache pombe, akishuka kutoka mbele na kuja moja kwa moja kwenye benchi letu na uso wa mtu mwenye mzigo. Aliinama. Akafungua kinywa.

Shangazi alikuwa amekaa kando ya mama. Alimshika mama mkono ule, wenye rangi, akauweka kwenye paja lake mwenyewe, akaufunika kwa wake.

“Mzee, rudi ukae,” alimwambia, kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kusikika kanisa zima. “Si ya kucha. Ni ya vikombe.”